Hoteli za Leta, na nyumba tunayotaka kujenga Bwegera



Wote mulikuwa katika mkutano ule wa mwisho mnajua namna tuliachana. Kiwanja kiko, matofali ya kuchoma yameanza kupangwa, michango inaingia polepole. Lakini hatukupatana juu ya kitu kimoja: tunajenga nini? Wamoja walisema: « Tujenge vyumba vya wageni. Watu wa mashirika wanapita hapa kila siku kutoka Uvira kwenda Bukavu, madereva wanalala ndani ya gari, makuta iko inapita mbele yetu kwenye barabara. » Wengine wakasema: « Vyumba ni vya nani? Sisi tunahitaji salle. Harusi tunafanyia chini ya shitingi, matanga tunafanyia kwenye mvua. » Mzee mmoja akasimama, akasema neno moja tu, kisha akakaa: « Leta ilijengaka hoteli nyingi. Ziko wapi? »

Komite iliniomba niandike kidogo juu ya swali lile. Nimeandika, si kwa kumpa mtu haki, ila kwa sababu swali la mzee ni swali la historia, na historia hiyo iko. Serikali nyingi za huku kwetu, tangu Vita Kuu ya Pili kuisha mwaka 1945, zilijenga hoteli kwa makuta ya wote. Kuko zilizosaidia watu, kuko zilizowafukuza mlangoni. Tukijua sababu, hatutarudia kosa.

Tuanze nyumbani. Wazee wetu wanajua neno « jiti ». Wabeleji waliita gîte d'étape, ni kusema nyumba ya kulala njiani. Zilikuwa kwenye njia za magari, kituo kwa kituo, ili bwana administrateur, daktari, au agronome akiwa safarini asilale porini. Nani alizijenga? Dekreti ya mwaka 1933 juu ya sheferi na sekta iliweka kazi za lazima kwa wanakijiji, mpaka siku 60 kwa mwaka, bila malipo. Barabara, madaraja, majengo ya sheferi na mashamba ya lazima yalifanywa namna hiyo, na nyumba za wageni wa Bula Matari vilevile. Mwanakijiji alifyatua tofali, akakata majani ya kuezeka, akafagia uwanja. Lakini kulala ndani, hapana. Yeye alikuwa mtu wa kuleta kuni na maji.

Tukumbuke jambo hilo: nyumba ya kwanza ya wageni katika nchi yetu ilijengwa kwa mikono ya watu ambao hawakuwa na ruhusa ya kuingia.

Baada ya vita, Wabeleji walibadilisha maneno. Mwaka 1947 wakaanzisha Fonds du Bien-Être Indigène, kwa visima, dispanseri na nyumba za mafunzo vijijini. Mwaka 1949 wakaanza Plani ya Miaka Kumi. Mwaka 1952 wakaunda Office des Cités Africaines, ambayo ilijenga nyumba za wafanyakazi katika miji mikubwa, na Bukavu ikiwa kati yao. Huu ndio wakati wa majengo ya sima, paa la bapa, madirisha marefu, baraza lenye kivuli, tundu za tofali za kupitisha upepo. Ukienda Bukavu au ukivuka kwenda Bujumbura, ile ambayo zamani iliitwa Usumbura, bado utaona majengo ya namna hiyo.

Majengo yalikuwa mapya, lakini mlango ulikuwa uleule. Mwaka 1948 ilitoka karata ya mérite civique, mwaka 1952 ikatoka immatriculation, kwa wale walioitwa évolués. Mtu alichunguzwa mpaka ndani ya nyumba yake, kama anakula kwa kanya, kama mke wake anajua kushona. Na bado akiwa na karata mfukoni, hoteli na nganda nyingi za Wazungu hazikumpokea. Hali ilianza kulegea tu katikati ya miaka ya 1950, wakati uhuru ulikuwa umeshakaribia. Kwa hiyo uhuru ulipofika, kwa watu wengi wa miji hoteli ilikuwa alama. Siku ile utaingia kwa mlango wa mbele na kukaa kwenye kiti kama wengine, ndiyo siku utajua kwamba mambo yamegeuka.

Ndiyo maana nchi nyingi za jirani, zilipopata uhuru, zilijenga hoteli mbio. Mtu anaweza kucheka: nchi haina hospitali za kutosha, inajenga hoteli? Lakini wao walikuwa na sababu zao. Mgeni wa serikali alale wapi? Mkutano wa marais ufanyike wapi? Na dola za kununua mashine zitoke wapi kama si kwa watalii?

Tanzania, ambako wengi wetu tulikaa miaka, ilifungua hoteli ya Kilimanjaro pale Dar es Salaam mwaka 1965, mbele ya bandari. Ilikuwa mali ya serikali, na ilijengwa kwa msaada wa kampuni kutoka Israeli. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, shirika la umma la utalii liliendelea na nyingine: Kunduchi na Bahari Beach pwani, Mikumi, Lobo na Ngorongoro kwenye mbuga za wanyama. Majengo mazuri. Lobo imejengwa kati ya mawe makubwa mpaka huwezi kujua jiwe linaishia wapi na ukuta unaanzia wapi.

Lakini Watanzania wenyewe hawakunyamaza. Mwaka 1970 vijana wa TANU walianzisha mabishano makali katika gazeti la The Standard. Waliuliza: nchi inayosema ujamaa, kwa nini inaweka makuta yake katika vitanda vya watalii? Bia inatoka nje, nyama nzuri inatoka nje, faida inarudi nje, na kijana wetu anabaki mtu wa kubeba sanduku na kusema « ndiyo bwana ». Upande mwingine ukajibu: bila fedha za kigeni hatuwezi kununua hata trakta, na kuko kazi zinazopatikana. Mabishano yale yalikusanywa na mwalimu wa sheria Issa Shivji katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Mnaona? Yale tuliyobishana chini ya mwembe wetu, nchi nzima ilishayabishana miaka zaidi ya 50 iliyopita. Tusione haya kwamba hatukupatana siku moja.

Zanzibar ilienda njia yake. Serikali ya Mapinduzi ya Mzee Karume ilianza majumba marefu ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na pia ikajenga hoteli mahali pa majimaji pale Funguni. Jina lake likatoka palepale: Bwawani. Karume aliuawa Aprili 1972, hoteli ikafunguliwa mwaka 1974. Watalii wengi hawakuipenda sana, walitaka nyumba za zamani za Mji Mkongwe. Lakini wenyeji waliifanya yao. Kulikuwa na disko, kulikuwa na bwawa la kuogelea, kulikuwa na salle kubwa inayoitwa Salama. Semina, harusi, mikutano ya vyama, yote humo. Na katika uchaguzi wa 2010 na wa 2015, Tume ya Uchaguzi ilitangazia matokeo palepale Bwawani. Mwaka 2015 matokeo yalifutwa, na watu wote walikuwa wanaangalia hoteli ile, na askari wamesimama nje. Vyumba vyake vilikuwa vimechoka siku nyingi, lakini salle ilikuwa bado inashika historia ya nchi.

Hilo naomba muliweke akilini: vyumba vilichoka, salle ikabaki na kazi.

Sasa twende kwenye miji midogo, kwa sababu Bwegera si Dar es Salaam. Hapa mfano mzuri ni Uganda. Waingereza walianzisha Uganda Development Corporation mwaka 1952, shirika la serikali la kufungua viwanda na biashara, na chini yake kukawa kampuni ya hoteli, Uganda Hotels. Baada ya uhuru wa 1962, kampuni hiyo ilikuwa na hoteli karibu katika kila mji mkubwa wa mkoa: White Rhino pale Arua, Acholi Inn pale Gulu, Rock Hotel pale Tororo, Mount Elgon pale Mbale, White Horse Inn pale Kabale, na nyingine Lira, Soroti na Fort Portal. Zote zilifanana kidogo: nyumba chini chini, bustani ya majani, baraza ndefu, chumba cha kulia, salle.

Mtalii alikuwa mmoja mmoja tu katika miji ile. Aliyezitumia ni nani? Ofisa aliyehamishwa na hajapata nyumba. Mkaguzi wa shule. Mnunuzi wa pamba au kahawa. Baraza la wilaya likitaka kupokea waziri. Mwalimu anayeoa na anataka picha nzuri kwenye bustani. Wapishi na watunza bustani walikuwa watu wa mji, kuku na ndizi zilitoka sokoni palepale. Kwa mji wa mkoa, hoteli ya serikali ilikuwa ndiyo sebule ya mji. Kenya nayo ilifanya hivyo kwa shirika lake la maendeleo ya utalii: Golf Hotel Kakamega, Sunset Kisumu, hoteli ya Kabarnet. Ni miji ya mikoa, si pwani wala mbuga.

Kisha mambo yakaharibika, na kila moja ni somo kwetu.

Somo la kwanza ni woga. Mwaka 1975 Idi Amin alipokea mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika pale Kampala, na kwa ajili yake yalijengwa majengo makubwa ya mkutano na hoteli ya Nile. Miaka iliyofuata, vyumba vya hoteli ileile vikatumiwa na watu wa usalama kwa kuhoji na kutesa raia. Hoteli ambayo raia hana ufunguo wake inaweza kugeuka hivyo. Nyumba ya wote lazima iwe na macho ya wote.

Somo la pili ni matengenezo. Vita vya 1979 vilipopita Uganda, hoteli ziliporwa magodoro, vyombo na hata mabomba. Kampuni haikuwa na akiba ya kurudisha. Makuta yote yalikuwa yanapanda kwenda makao makuu, na bomba likipasuka Arua, barua iende Kampala, jibu lirudi baada ya miezi. Miaka ya 1990 serikali ikaziuza moja moja kwa watu binafsi. Kuko zilizofufuka. Acholi Inn, katika miaka ya vita vya kaskazini, ilikuwa mahali ambapo waandishi, mashirika, wanajeshi na hata makamanda waliotoka msituni walikaa meza jirani. Lakini mwenyeji wa Gulu hakuwa tena na sauti ndani yake.

Somo la tatu ni letu wenyewe, na hatuhitaji kwenda Uganda. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zaïrianisation. Maduka, mashamba na biashara za wageni zikapewa raia, ndiyo, lakini raia gani? Wale waliokuwa karibu na chama. Mtu alipata duka, akauza bidhaa zilizokuwa ndani, akanunua gari, na hakuagiza bidhaa mpya. Mwaka 1976 serikali ikaanza kurudisha mali kwa wenyewe, lakini rafu zilikuwa tupu. Kitu ambacho hukukitolea jasho na hesabu yake huijui, unakila mpaka mfupa. Hiyo siyo siasa, ni hesabu ya nyumbani.

Somo la nne ni la kuwa kimbilio. Pale Kigali, hoteli ya Mille Collines ilifunguliwa mwaka 1973, mali ya Sabena, shirika la ndege la Wabeleji. Ilijengwa kwa watu wa ndege na wafanyabiashara. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, zaidi ya watu 1,000 walijificha humo, maji yakakatwa, wakanywa maji ya bwawa la kuogelea. Aliyechora bwawa lile hakuwaza jambo la namna hiyo. Sisi tuliokimbia 1996 na miaka iliyofuata, tuliolala kwenye madarasa na makanisa, tunajua vizuri: siku mbaya ikifika, watu hawaulizi nyumba ilijengwa kwa kazi gani. Wanauliza kama kuko paa, maji na mlango ulio wazi.

Na somo la tano liko njiani, karibu na sisi. Tarehe 2 Julai 2010, pale Sange, lori la petroli lilianguka kando ya barabara. Watu zaidi ya 230 waliungua. Kuko waliokwenda kuchota petroli, lakini kuko pia waliokuwa wamekaa tu kwenye vibanda vya kutazamia mupira wa Kombe la Dunia, na moto ukawafuata ndani. Vibanda vilikuwa vidogo, vimebanana na barabara. Tuliwazika wengi, na wengi wenu mulipoteza jamaa. Ninataja jambo hili kwa heshima, kwa sababu linahusu nyumba yetu. Vijana wetu watakusanyika mahali fulani, tupende tusipende. Tuwape mahali penye milango mipana, mbali kidogo na lori.

Sasa nirudi kwa swali la mzee: « Ziko wapi? » Jibu ni kwamba nyingi bado zimesimama, lakini zimebadilisha mwenyewe. Zilizobaki ndani ya maisha ya watu ni zile zilizokuwa na kazi kwa mwenyeji, si kwa mpita njia peke yake. Salle ya Salama ilibaki na kazi juu ya Wazanzibari kuihitaji. Baraza la Gulu lilijaa juu mji wenyewe ulikuwa na mambo ya kuzungumza.

Ndugu waliotaka vyumba, hamukukosea. Salle bila makuta itavuja, na baada ya miaka michache itakuwa zizi la mbuzi. Ndugu waliotaka salle, nanyi hamukukosea. Vyumba peke yake ni jiti ya zamani: sisi tunafyatua tofali, mwingine analala. Kwa hiyo miye naomba komite iweke mbele ya mkutano ujao mambo haya, ili tuyapigie kura moja moja:

Kwanza, tuanze na salle na jiko. Salle ya kukodisha kwa bei mbili, bei ya mwanachama na bei ya mgeni. Matanga, hakuna bei. Jiko linunue mchele wa bonde letu, sombe ya mama zetu na ndagala za Uvira, si makopo.

Pili, vyumba vinne tu kwa mwanzo, upande wa nyuma, kwa madereva na wageni. Vikileta faida tuongeze. Visipoleta, hatukupoteza kila kitu.

Tatu, nyumba isimame ndani ya kiwanja, si pembeni ya barabara, iwe na milango miwili mipana inayofunguka kwa nje, na tanki la maji ya mvua.

Nne, sehemu ya kila franka inayoingia iwekwe pembeni kwa matengenezo kabla mtu yeyote hajalipwa kitu. Kiasi gani, mkutano utasema. Lakini kiandikwe.

Tano, hesabu isomwe mbele ya wote kila miezi mitatu, kwa sauti, pale pale ndani ya salle. Asiyejua kusoma asikie kwa masikio yake. Na funguo zikae kwa watu watatu, mmoja wao awe mama.

Jambo la mwisho. Katika Nyarugusu na Lugufu, hakuna aliyetujengea hoteli. Lakini tulijenga makanisa ya tofali mbichi, tulijenga shule, tulijenga vibanda vya mikutano, na kila moja ilikuwa na komite, na komite ikikosa ilibadilishwa. Kazi tunaijua. Kilichokuwa kinatukosa ni kiwanja chetu wenyewe, na sasa tuko nacho.

Njooni wote katika mkutano. Mwenye wazo lingine alilete, tutalisikia. Asiyeweza kufika atume neno kwa jirani yake. Na aliyechelewa na mchango wa mwezi, tafadhali, tofali haijichomi yenyewe.

Tusaidiane.